Anaambiwa Nani? Mwongozo wa Kufasiri Nyimbo kwa Msikilizaji wa Migori na Homa Bay

Swali linaloulizwa kwanza kuhusu wimbo ni hili: una maana gani? Liweke kando kidogo. Anza na lililo jepesi kuliko hilo: nani anaambiwa? Wimbo, uwe roki ya Uingereza au benga ya Suna, ni maneno ya mtu kwa mtu. Ukimtambua anayesema na anayeambiwa, kazi iliyobaki ni ndogo. Usipowatambua, utabaki ukipapasa neno hili na lile, na mwisho utaupa wimbo maana ambayo kesho wewe mwenyewe hutaweza kuitetea.

Chukua "Every Breath You Take" wa The Police, uliotoka 1983. Nimewahi kuusikia ukipigwa kwenye harusi Rongo, maharusi wakiingia kwa hatua za pole, mfawidhi akituambia kuwa haya ndiyo mapenzi. Sauti ni tamu, gitaa linajirudia kwa upole, nani atakataa? Lakini uliza nani anamwambia nani. Anayesema ni mtu aliyeachwa. Anayeambiwa ni mpenzi aliyekwisha kuondoka, na anachoambiwa ni kwamba popote atakapokwenda anatazamwa. Sting aliutunga wakati ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika, na amesema mara nyingi kuwa ni wimbo wa wivu na ufuatiliaji wa kutisha. Mtu akikuambia maneno hayo usiku kando ya barabara ya Awendo, utampigia chifu simu.

Je, maharusi walikosea? Sidhani. Walichofanya ni kumwondoa anayeambiwa ndani ya wimbo na kumweka mwingine, yule aliyeshikwa mkono. Kila msikilizaji hufanya hivyo. Kosa ni kufanya hivyo bila kujua, kisha kumgombeza jirani anayesema wimbo unamtia baridi. Basi unapofasiri, wataje wote wawili: anayeambiwa ndani ya wimbo, na uliyemweka wewe.

Sikio la pakruok

Hapa msikilizaji wa Nyanza Kusini amemtangulia mpenzi wa roki wa Ulaya kwa mbali. Amekulia kwenye muziki ambao anayeambiwa hutajwa kwa jina, na mara nyingine hulipia jina hilo.

Kwa asiyejua: katika pakruok mtu huinuka, hutoa pesa, muziki hushushwa au husimamishwa, naye hujisifu mwenyewe au humsifu mpenzi, rafiki, shemeji, ukoo, hata fahali wake. Mwimbaji huyapokea majina hayo na kuyarudisha ndani ya wimbo. Mambo haya yalikuwapo kwenye sherehe za nyatiti na orutu, yakaingia ohangla, kisha benga ikayapeleka studio. Ndiyo maana wimbo wa mapenzi uliorekodiwa Nairobi au Kisumu unaweza kuwa na majina kumi na mawili, na kati yao mmoja tu ndiye mpenzi. Waliobaki ni wenye maduka, madereva, watangazaji wa redio, watu wa ukoo, na bwana fulani aliyelipa mafuta ya gari la bendi.

Mgeni akisikiliza wimbo wa namna hiyo hupotea. Hudhani anasimuliwa riwaya yenye wahusika wengi. Nawe ukiwa Mkuria wa Kehancha, Mgusii mwenye duka Migori mjini, au Msomali wa Isebania, unaweza kupotea vilevile kama Dholuo chako ni cha sokoni tu. Kuna njia ya kujiokoa. Sikiliza wimbo wa benga wa zamani, wa dakika tano au sita. Gitaa la solo hufungua peke yake, nyuzi zikidonolewa moja moja kwa namna ya nyatiti. Besi huingia na kulivuta. Kisha waimbaji wawili huimba beti kwa pamoja, na hadithi yenyewe husimuliwa hapo. Baadaye sauti hunyamaza, gitaa hushika kasi, wachezaji hujaa uwanjani, na mwimbaji huanza kuita majina juu ya gitaa. Jina lililotajwa ndani ya beti, likarudi kwenye kiitikio, likapatwa na jambo (likaolewa, likaondoka, likafa), hilo ni la mhusika. Jina lililoitwa mara moja tu juu ya gitaa la kasi, likiwa na mahali linakotoka na halina kitendo chochote, huenda ni la mfadhili. Si kanuni ya chuma. Wapo wafadhili walioimbiwa wimbo mzima, na wapo wapenzi walioitwa mwishoni tu kwa sababu mke alikuwa ukumbini.

Angalia pia viambishi vya mahali. "Nyar" ni binti wa, "wuod" ni mwana wa, na "ja" ni mtu wa. Mwimbaji akisema nyar Kanyamkago, hajakutajia jina la msichana. Amekupa ukoo na upande, na amewaachia watu wa Uriri kazi ya kubishana ni nani. Ubishi huo ni sehemu ya wimbo. Usiharakishe kuumaliza.

Jambo dogo kuhusu santuri. Benga nyingi za miaka ya 1960 hadi 1980 zilitoka kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja ukigawanywa pande mbili. Siku hizi anayeupakia kwenye simu au anayekuwekea nyimbo kwenye flashi pale dukani mara nyingi ana upande wa kwanza tu. Utafasiri kisa kisicho na mwisho na utamlaumu mtunzi kwa kukiacha hewani. Tafuta sehemu ya pili kabla ya kutoa hukumu.

Pale roki na benga zilipokutana

Ukitaka somo moja lenye vyote viwili, tafuta nyimbo za Extra Golden. Ian Eagleson, Mmarekani wa bendi ya roki iliyoitwa Golden, alikuja Kenya kuitafiti benga kwa ajili ya masomo yake. Akashirikiana na Otieno Jagwasi wa Orchestra Extra Solar Africa, na mwenzake wa Golden, Alex Minoff, akaungana nao. Walirekodi Nairobi kwa vifaa vya kubeba mkononi. Jagwasi alifariki 2005, kabla albamu haijatoka. Ilitoka 2006 kwa jina *Ok-Oyot System*, chini ya Thrill Jockey, kampuni ya Chicago inayotoa kazi za bendi huru. Opiyo Bilongo akashika nafasi ya mbele, na 2007 ikafuata *Hera Ma Nono*.

Katika albamu hiyo ya pili kuna wimbo uitwao "Obama". Aliyeusikia mara ya kwanza 2008, wakati Nyanza nzima imevaa fulana zenye picha ya mtu huyo, angeudhani ni wimbo wa kampeni ya urais. Sasa tumia swali letu. Nani anaambiwa, na ameambiwa lini? Albamu ilitoka 2007. Mwaka mmoja kabla, wanamuziki wa Kenya walikuwa wakihangaikia viza za kwenda kupiga kwenye tamasha la Chicago, na ofisi ya seneta wa Illinois ikawasaidia. Seneta huyo alikuwa Barack Obama. Wimbo ni shukrani. Mimi nasema hivi, na unaweza kunipinga: ni pakruok safi. Mtu amefadhili, jina lake limetiwa kwenye gitaa. Kwamba mfadhili mwenyewe ana ukoo Kanyadhiang, hatua chache kutoka Kendu Bay, na kwamba baadaye aliingia Ikulu ya Marekani, ni mambo yaliyouongezea wimbo uzito baada ya kutungwa. Mchambuzi wa roki aliyeko Brooklyn atauona wimbo wa siasa. Mzee wa Oyugis aliyezoea bendi za usiku atatambua risiti iliyolipwa kwa sauti.

Kwenye albamu hiyohiyo upo wimbo "Night Runners". Mgeni akiona jina hilo anawaza watu wa mazoezi waliovaa raba. Aliyelelewa Ndhiwa au Mbita hahitaji kuelezwa kuhusu wachawi wa usiku, ameshafunga mlango. Hata hivyo tahadhari: jina la wimbo likikufanya ucheke au utetemeke, hiyo ni tafsiri ya jina, bado hujausikiliza wimbo. Wengi huishia hapo.

Albamu ya tatu, *Thank You Very Quickly*, ilitoka 2009. Jina linachekesha kwa Kiingereza, kama kosa la mtoto wa darasa la nne. Halichekeshi tena ukijua kuwa ni shukrani kwa waliotuma pesa haraka wakati familia za wanamuziki zilikuwa katika dhiki ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Nani anaambiwa? Aliyetuma. Kwa nini haraka? Wewe uliyekuwa Migori Januari ile, barabara zimefungwa na maduka yamefungwa, unajua haraka ilikuwa na maana gani.

Tazama mwaka, kisha taja ulikopata maana

Swali la pili basi ni lini. "Zombie" wa The Cranberries ulitoka 1994 na bado unapigwa kwenye matatu na mabaa yetu, watu wakipiga kelele kwenye kiitikio. Nimeshasikia ukielezwa kuwa ni wimbo wa wachawi na wafu wanaotembea. Machi 1993 bomu la wapiganaji wa IRA, kundi la Ireland, liliua watoto wawili katika mji wa Warrington, Uingereza: mmoja wa miaka mitatu, mwingine wa miaka kumi na miwili. Dolores O'Riordan, aliyekuwa Muairishi mwenyewe, aliutunga kwa hasira dhidi ya waliodai kuua kwa niaba ya watu wake. Ukijua hivyo, kelele za kiitikio zinabadilika. Na hapo ndipo tafsiri yako mwenyewe inapoanza: msikilizaji wa Nyanza anayekumbuka 2008 anaweza kuusikia kama wimbo wa vijana waliotumwa kuua kwa jina la kabila. Hiyo haimo katika maneno ya O'Riordan. Lakini inasimama, kwa sababu anayeambiwa ni yuleyule: anayeua na kusema ni kwa ajili yetu.

Hapa naomba uwe mwaminifu. Kila unaposema wimbo una maana fulani, taja ulikoipata: katika maneno, katika sauti, au mahali ulipokuwa ulipousikia. Zote ni halali. Zinaharibika zinapochanganywa.

"Kothbiro" unaonyesha jambo hili vizuri kuliko wimbo wowote ninaoujua. Miaka ya 1970 bendi ya Nairobi iitwayo Black Savage iliupiga ukiwa na gitaa za roki. Mmoja wa wanabendi, Job Seda, baadaye alijulikana kama Ayub Ogada, akauimba upya kwa nyatiti kwenye albamu *En Mana Kuoyo* ya 1993. Mwaka 2005 ukawekwa kwenye filamu *The Constant Gardener*, kisa cha mwanadiplomasia anayetafuta ukweli wa kifo cha mkewe Kenya. Mwaka 2018 Kanye West akakata kipande cha toleo la Black Savage na kukitia kwenye "Yikes". Wimbo mmoja, masikio manne.

Watazamaji wa filamu waliusikia kama maombolezo. Muulize mzungumzaji wa Dholuo: mvua inakuja, mtu anaitwa kwa jina, ng'ombe wanatafutwa. Ni jioni ya nyumbani, wingu limejikusanya juu ya ziwa na mtu ana wasiwasi na mifugo. Je, aliyelia sinemani alidanganywa? Hapana, lakini machozi yake yalitoka kwenye picha na kwenye sauti ya Ogada, hayakutoka kwenye maneno. Akisema hivyo, tumeelewana. Akisema wimbo unahusu mke aliyekufa, tutambishia. Mimi mwenyewe huusikia kama wimbo wa hofu ndogo, hofu ya kazi ambayo haijakamilika kabla ya giza, na nakiri kwamba nusu ya hisia hiyo naipata kwenye nyuzi za nyatiti zinazorudi palepale bila kutulia.

Maneno yakilia, kiuno kikicheza

Princess Jully, malkia wa benga wa Migori, alichukua uongozi wa Jolly Boys baada ya mumewe, Prince Jully, kufariki 1997. Wimbo wake "Dunia Mbaya" ulionya watu kuhusu Ukimwi wakati ambapo katika vijiji vingi ugonjwa huo uliitwa chira, laana ya kuvunja mwiko. Ukausikia arusini, ukausikia matangani, na kote watu walicheza.

Swali letu hapa linauma. Anayeambiwa ni wewe unayecheza. Mwimbaji hakungoja ukae kitako kama kanisani. Alikufuata uwanjani, mkono wako ukiwa kwenye kiuno cha mtu, akakuambia hapohapo. Gitaa linakuita na maneno yanakuonya. Usijaribu kuondoa mgongano huo kwa kusema kwamba muziki ni mapambo tu. Mgongano ndio wimbo. Bruce Springsteen alifanya jambo la jamii hiyo katika "Born in the U.S.A." wa 1984: ngoma za ushindi, maneno ya askari aliyerudi kutoka Vietnam na kukosa kazi. Mwaka huohuo wanasiasa wa Marekani walitaka kuutumia kama sifa ya nchi. Walisikia ngoma, hawakumsikia anayesema.

Mahali unapousikilizia wimbo kama "Dunia Mbaya" pana uzito pia. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay akiishi na virusi, wakati wastani wa nchi nzima haukufika asilimia tano. Mtu wa Nairobi anaweza kuuita wimbo huo kumbukumbu ya miaka ya 1990. Katika fuo za Mbita na Sindo si kumbukumbu.

Onyo moja. Usimgeuze mwimbaji kuwa mhusika. Watu walizoea kuyasoma maisha ya Princess Jully ndani ya kila ubeti aliouimba, kana kwamba mjane hawezi kutunga. Mwimbaji ni fundi. Anaweza kuimba "mimi" akiwa anamsemea jirani, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Mafumbo, na jinsi ya kutopotea ndani yake

Daniel Owino Misiani alizaliwa 1940 Shirati, ng'ambo tu ya mpaka, si mbali na Muhuru Bay. Aliishi na kupiga muziki Kenya hadi alipofariki katika ajali ya barabarani 2006. Alipenda kuimba kwa wanyama na visa vya Biblia, na wasikilizaji waliwaona wakubwa wa serikali ndani ya manyoya hayo. Serikali nayo ilikuwa na masikio. Alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja. Wapwani wanaijua kazi hii kwa taarabu, ambako shangingi mmoja huinuka kumtunza mwimbaji noti mkononi ili ubeti umfikie mwenzake aliyekaa pembeni akijifanya hasikii. Zanzibar, Siti binti Saad aliimba "Kijiti", wimbo wa mauaji ya kweli na kesi iliyofuata, na kila mtu mjini alijua nani anaambiwa.

Fumbo likija, lipime hivi. Tuseme umeamua kwamba mnyama fulani ndiye waziri fulani. Vizuri. Mnyama wa pili ni nani? Na msitu? Na yule anayelia njaa katika ubeti wa tatu? Tafsiri inayofungua mlango mmoja na kuacha mitatu imefungwa ni bahati tu. Tafsiri nzuri huvuta wimbo mzima nyuma yake, hata kama kuna kona moja inayogoma. Kisha rudi kwenye mwaka: waziri wako alikuwa madarakani wimbo ulipotoka? Nimeshuhudia mabishano makali kuhusu wimbo wa 1974 unaodaiwa kumsema mtu aliyeingia bungeni 1992. Watu hawakukosa hoja, walikosa kalenda.

Kipimo hichohicho kinatibu ugonjwa wa kuona shetani kila mahali. Kenya iliwahi kuwa na tume rasmi ya kuchunguza ibada ya shetani, iliyoundwa na Rais Moi 1994, na tangu hapo roki haijapumzika mikononi mwa wahubiri wa mitaani. "Hotel California" wa Eagles ndio hushambuliwa zaidi. Watu husema hoteli ni kanisa la shetani. Don Henley, mmoja wa watunzi, ameeleza kwamba ni safari ya kutoka kwenye usafi wa moyo kwenda kwenye ujuzi wa dunia, na starehe ya Los Angeles inayomeza watu. Hulazimiki kumkubali Henley. Lakini ukitaka kumweka shetani, mweke katika beti zote, na utuambie msafiri anayefika usiku ni nani, na kwa nini anakaribishwa kwa ukarimu. Ukishindwa, rudi kwenye starehe.

"Losing My Religion" wa R.E.M., 1991, nao huponywa na kipimo hichohicho. Mashabiki wengi wa Kiafrika huufahamu kama wimbo wa mtu anayeacha dini. Kusini mwa Marekani msemo huo ni wa mtu aliyefikishwa mwisho wa uvumilivu, na wimbo unahusu mtu anayempenda asiyemtazama. Kama nawe uliwahi kusimama nje ya duka la mtu Homa Bay ukijifanya unasubiri matatu, huhitaji mwalimu.

Fanya hivi wiki hii

Chagua wimbo mmoja. Usichague unaoupenda kupita kiasi; huo utautetea badala ya kuusikiliza. Usikilize mara ya kwanza bila kalamu, mara ya pili ukiandika mambo machache tu: anayesema, anayeambiwa, mahali, mwaka. Maneno yaliyoandikwa na mashabiki mtandaoni yachukue kwa tahadhari, hasa ya Dholuo, maana mengi yameandikwa kwa sikio na makosa hunakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pale neno linapokushinda, mtafute mtu.

Ukiwa huna Dholuo, tafuta watu wawili wa kukutafsiria, na usiwaketishe pamoja. Mmoja awe mzee, mwingine kijana. Mzee atakupa ukoo, kilima na kisa cha nyuma. Atakuambia kwamba jina la Simbi halitajwi bure, kuna kijiji kilichozama pale karibu na Kendu Bay kwa sababu ya kumnyima bibi kizee ukarimu. Kijana atakupa maneno ya mtaani ambayo mzee anaona haya kuyatamka. Wakitofautiana, usimwite mmoja mwongo. Andika tofauti yao; mara nyingi mtunzi aliiacha makusudi.

Kisha andika ukurasa mmoja wa tafsiri yako. Anza na anayeambiwa. Sema ulikoipata kila maana. Acha nafasi chini kwa mtu mwingine kukujibu kwa mwandiko wake. Ukimpa mtu wa pili aufasiri wimbo huohuo, usimwonyeshe chako kwanza. Hapo utaona ajabu: makanga wa Rongo na mwalimu wa Rangwe hawataandika kitu kimoja, na mara nyingine makanga ndiye atakayekuwa karibu zaidi na maneno, kwa sababu ameusikia mara mia kwenda na kurudi Kisii.

Na kuna jambo ambalo mpenzi wa R.E.M. hawezi kulifanya kirahisi nawe unaweza: kumuuliza mtunzi. Wanamuziki wa benga na ohangla wanapiga Migori mjini, Awendo, Oyugis, Homa Bay, na wengi hawana walinzi mlangoni. Mwendee na swali moja lililonyooka: nani alikuwa anaambiwa? Usianze na tafsiri yako, atakubali tu kwa adabu. Akikuambia jambo tofauti kabisa na ulichoandika, lichukue kama tafsiri ya msikilizaji anayeujua wimbo vizuri mno, na uliandike kando ya yako. Ila mngoje hadi vyombo vifungwe. Ukimwendea katikati ya onyesho atadhani umekuja kutajwa, na itabidi utoe pesa.